Vakansi ku Kisiwa cha Mukwe Wangu

Binti yangu wa mwisho alinipigia simu asubui moja, mimi niko nachagua maharagi mu lupango yetu, mbele ya nyumba, hapa Ndosho mu Goma, njo ananiambia: "Mama, tunaenda vakansi pamoja."

Nilicheka mupaka maharagi ikamwangika. Vakansi? Mimi? Kwetu vakansi ni ya watoto wa masomo. Wakati nilikuwa mudogo ku Kiwanja, vakansi ilikuwa ni kulala kwa koko, mama ya mama yangu, na kuiba mahindi ya watu. Kisha nikaolewa, nikakuja Goma, nikazaa, na ile neno haikunihusu tena. Kutembea nimetembea, Mungu anajua. Lakini safari zangu zote zilikuwa za kukimbia. Volkano inashuka, tunakimbia. Masasi ya bunduki inalia, tunakimbia. Nimelala Gisenyi, nimelala Sake, nimelala ata Lac Vert na sufuria ku kichwa, na hakuna fasi moja nilifika nikakaa kuangalia maji kwa furaha tu.

"Vakansi wapi?" nikamuuliza.

"Sainte-Lucie, mama. Ni kisiwa. Ni inchi, lakini ni kisiwa."

Inchi yenye jina ya mutakatifu! Tena ule wa macho, ule tunaombaga wakati macho inauma. Nikapiga kelele ya furaha, majirani wakafikiri kuko mutu amezaa.

Nieleze vizuri. Huyu binti yangu aliondoka hapa akiwa angali musichana, akafika Kanada, akapewa karatasi ya mukimbizi. Kule akapata bwana, kijana wa hicho kisiwa, walikutana ku kazi. Wakazaa mutoto musichana. Mutoto anatembea sasa, anasema, na mimi sijamushika ata kidole. Namuonaga mu telefoni tu. Yuko na pua kubwa kama ya muzee wangu, papa ya binti, maskini.

Ile karatasi yake inamukataza kurudia kwao. Nikamuambia: "Basi kuja Gisenyi, mwanangu. Mimi navuka barieri ya Rwanda na miguu, dakika kidogo tu tunakutana." Akakataa. Kisha akasema: "Mama, Gisenyi ni karibu sana. Nikiiona Goma ng'ambo ya barieri, nitavuka tu, nitaharibu maisha yangu." Njo maana akachagua kule, ku kisiwa, kwa mama wa bwana yake. Nyumba iko, kitanda iko, bahari iko. "Na ukija, mama, nitalala na wewe siku zote. Bwana yangu atajua fasi ya kulala."

Pale, neno ya bwana yake ikaniamsha.

Kwetu, mama wa binti haendi kwa bakwe, watu wa bwana ya binti, mbele ya bakwe kufika kwake. Wanakuja, wanaketi, wanakunywa, wanasema mutoto yetu ameona ua kwenu. Hiyo ni ya kwanza. Ya pili, mama haalale mu nyumba ya mukwe. Ya tatu, haakule mbele ya mukwe wake, hakuna kumuangalia mu macho, mukikutana mu njia munapishana kwa heshima, kila mutu na upande wake. Sasa mimi niko napanga kuenda kulala, kukula, na kuoga bahari na mukwe ambaye hajanipa ata mukono!

Nikamuambia muzee. Muzee wangu alikuwa karani ku kampuni ya kahawa, anajua Kifaransa ya zamani, ile ya kupigwa fimbo. Leo yuko na ugonjwa wa sukari, miguu imevimba, siku nzima yuko ku kiti karibu na mulango. Akatosha miwani ku macho.

"Mama wa binti anaenda kwa bakwe? Wao walifika hapa lini? Waliketi ku kiti gani? Mimi sikuona mutu."

"Muzee, watu wako mbali. Ni bahari."

"Ile bahari ni ya kuvukwa na wewe tu? Wao haiwaone? Wavuke."

"Na mutoto je? Hautaki nimushike mutoto?"

"Mutoto ni wetu. Bakwe ni bakwe." Akarudisha miwani. Mazungumuzo imekwisha.

Siku ya Mungu, kisha misa, nikawaambia wamama wenzangu. Kosa! Walinicheka mupaka ku barabara.

"Dada, kisiwa chenyewe ni kikubwa namna gani?"

"Binti anasema mutu anaizunguka na gari, anarudi kwake mbele jua iingie."

"Yesu wangu! Utajificha wapi mukwe? Huku anakutokea, kule anakutokea!"

"Utatembea umejifunika kikwembe ku kichwa kama muharusi!"

"Hapana, utaketi ndani ya maji. Akikuja, unazama!"

Na mimi nikacheka nao. Na kumbe ilikuwa bado. Binti akanitumia foto ya bahari yao, na katikati ya foto mukwe wangu mwenyewe, mwili wazi, kikaptula tu, meno yote inje. Niligeuza telefoni juu chini ku meza. Nilikaa nayo hivyo mupaka sombe, majani ya muhogo, ikaiva ku moto.

Nikamupigia: "Weye mutoto, unanitumia nini hii?"

"Mama, ni plaji, ni ku bahari! Wote wanavaa hivyo. Na weye nimekununulia."

"Umeninunulia nini?"

"Ya kuogelea."

"Uvae weye na mama mukwe wako. Mimi nitaingia na kikwembe, kama vile watu wanaingia mu ziwa."

Akacheka, akaendelea kunisifia kisiwa. Eti kuko volkano! Eti watalii wanaenda kuiangalia moshi, wanasikia harufu, wanajipaka matope yake ku mwili, na wanalipa. Nikamuambia, mwanangu, mimi nyumba yangu ya kwanza iko chini ya mawe ya volkano, na leo napika juu ya ile mawe kila siku bure. Wakitaka harufu wakuje, nitawapokea.

Lakini nilianza kujitayarisha, siwezi kuongopa. Nilikausha sambaza, samaki ndogo ya ziwa yetu. Nilisaga unga ya mutama, juu mutoto akizaliwa tunapelekea mama yake musururu ya kunywa, ata kama mutoto amekwisha kuota meno yote. Nilikunja blanketi, nikaweka sufuria mbili, mushumaa, kiberiti, chumvi, na godoro ndogo nikaifunga na kamba. Binti akaona ile mizigo mu telefoni, akaniuliza: "Mama, godoro ya nini? Kule kitanda iko." Nikaiangalia. Sikukuwa ata nimefikiri. Mikono yangu inajua aina moja tu ya kufunga mizigo.

Pale furaha ikaanza kuchacha. Tangu vita iliingia mu muji, aeropo ya ndege imefungwa, na paseporti haitoke tena hapa. Mutu anavuka Rwanda, anapita Uganda, anaingia tena Kongo upande wa Beni, anangoja paseporti kule. Njo arudi. Kisha viza. Tena si ya kisiwa tu. Ndege inashukia mu inchi za watu wengine, na wao pia wanataka viza ya kupita, viza ya kuketi ku kiti ya aeropo yao bila kutoka! Na kurudi je? Kuko siku barieri inafungwa bila kuambia mutu. Nilijuaga wamama wa soko walivuka na nyanya zao asubui, mangaribi wakalala ng'ambo, watoto huku wanalia. Mimi nikiwa ng'ambo ya bahari, nani atanifungulia?

Ile yote nilimuambia binti. Akasema: "Mama, nitalipa, nitatafuta mutu wa kukusindikiza, nitapanga kila kitu. Nisaidie na papa tu. Papa akikubali, ingine yote ni njia."

Njo akafanya akili. Siku ya posho, kesho yake ni misa, telefoni inalia, naona mama mwenye kofia ya majani, uso wa kucheka. Ni mama wa mukwe. Anaomba kusema na muzee. Mimi nikaweka telefoni mbele ya muzee, nikarudi nyuma hatua kidogo, nikasikiliza.

Ule mama anasema Kingereza, lakini kuko na luga ya kwao ya zamani, kama Kifaransa iliyokatwa mikia. Akasema: "Bonjou, mésyé." Muzee akanyoosha mugongo. Akajibu na ile Kifaransa yake ya fimbo. Walikuwa wanasikilizana nusu, wanarudilia, wanapiga mikono. Ule mama akasema amekuja kuomba ruhusa, amechelewa, asamehewe, hakujua desturi. Akasimamisha chupa mbele ya telefoni, ya pombe yao ya miwa, ili muzee aone kama hakukuja mikono mitupu. Akasema mugeni wake atapata chumba ya peke yake, na kijana wake atalala kwa ndugu yake, hatakula ku meza moja na mama mukwe. Nikawaza, binti amemufundisha vizuri. Muzee akauliza munakulaka nini kule. Akajibu ndizi mbichi ya kuchemusha na samaki ya chumvi. Makayabo! Muzee akacheka. Mimi sijamusikia kucheka hivyo siku mingi.

Simu ikakatika. Nikamuambia: "Basi. Bakwe wamefika. Wameketi, wamekuja na chupa."

Muzee akaangalia miguu yake. Nikaona kicheko inatoka ku uso pole pole.

"Ni watu wazuri," akasema.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nini? Enda."

"Muzee, usiniambie enda na ile sauti."

Akafuta miwani na shati. Kisha akasema, bila kuniangalia: "Ile siku watu walikimbia hapa, masasi ku kona yote, weye njo ulinishika chini ya mukono. Ulinivuta mupaka nyuma ya ukuta wa kanisa ya paroisi. Ikirudi, na weye uko kule unakula makayabo, nani atanishika?"

 Wavulana wetu wako Kinshasa na Lubumbashi. Majirani ni wazuri, lakini siku ya masasi kila mutu anashika wake. Miezi yote alikuwa ananipigia neno ya bakwe, bakwe, na mimi nilikuwa namukasirikia. Kumbe ilikuwa woga. Mwanaume wa umri ule, utamutosha namna gani mu kinywa neno kama hiyo?

Nikamupigia binti, nikamuambia wazi. "Siende. Papa yako hawezi kukimbia."

"Mama, tutamupatia mutu wa kukaa naye."

"Mutu wa kukaa iko. Mutu wa kumuvuta haiko."

Akalia. Akasema: "Na mimi je, mama? Na mimi mutoto yako?"

 Nikamuambia nione mutoto, akageuza telefoni, mutoto yuko anachora ku ukuta, akaniona, akasema kitu mu Kingereza, akanigeuzia mugongo. Binti akakata.

Muzee alisikia yote, ukuta wetu ni mbao. Tangu ile siku amepata kazi mupya. Asubui jua ikipanda kidogo, anashika fimbo, anatoka ku lupango, anatembea juu ya mawe nyeusi, mupaka kwa fundi wa baiskeli. Anapumuzika. Anarudi. Mimi namufuata na macho kama mutoto anajifunza. Jana alipita fundi, akafika ku kona ya barabara kubwa, pale pikipiki zinasimama, wale vijana wakamupigia mikono: "Muzee, unaenda wapi hivyo?" Akawajibu: "Niko najizoeza kukimbia." Walicheka sana.

Alirudi anatweta, jasho ku shingo, kiatu moja imefunguka. Akaketi. Nikamupatia maji, nikapiga magoti kumutosha kiatu, na muguu ilikuwa imevimba kuliko juzi, kidole changu kikiikandamiza kinaacha shimo.

"Umeona?" akaniambia. "Nimefika barabarani peke yangu. Pigia mutoto. Muambie mama yake anakuja."

"Kunywa kwanza maji," nikamuambia.

Akakunywa. Telefoni ilikuwa ku mufuko wa kikwembe yangu, kredi ya kupiga iko ndani. Sikuitosha kumupigia.