Mwaka wa Mlango

Basili alinipa shikamoo kabla ya kuivunja nyumba yangu. Nalisema hilo kwanza kwa sababu watu wakisikia habari za walinzi wa shamba la ngano hudhani walikuwa watu wasiolelewa. Basili alilelewa, tena vizuri, na mama mmoja tuliyesali naye jumuiya moja kule Maretadu. Aliinamisha kichwa, akasema, "Shikamoo, Mama Mwalimu." Nikaitika marahaba. Kisha akawaamuru wenzake waung'oe mlango wangu wa mbele.

Mume wangu Yoakimu alikuwa darasani. Aliposikia nyundo alikuja mbio, chaki bado mkononi, akajitupa juu ya ule mlango na kuukumbatia. Walimpiga rungu kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, nikausikia mfupa ukikatika. Wakamvuta miguu, wakaupakia mlango kwenye tela la trekta, wakaenda zao. Nyumba ikabaki wazi, mbuzi akaingia ndani kula mboga zangu.

Sasa lazima nieleze ni mlango gani huo, maana hata mimi mkewe nilimwona punguani kwa sababu yake.

Yoakimu alizaliwa Dongobesh, Mwiraqw kama mimi, mtoto wa watu wa mahindi na maharage. Alipomaliza chuo cha ualimu walimpanga shule ya tambarare, chini ya mlima Hanang, kwa wafugaji wa Kibarabaig. Waliopangwa huko kabla yake waliomba uhamisho kabla hawajafungua masanduku. Yeye alishuka, akaona chapa kwenye ngozi za ng'ombe, akazama humo moja kwa moja. Kila ukoo una chapa yake, inayochomwa kwa chuma pajani mwa ndama. Ukoo ukigawanyika, chapa nayo huongezewa nukta au kamstari. Mume wangu alisema hizo ni nembo kamili, sawa na zile za wafalme wa Ulaya alizoziona chuoni, tofauti ni kwamba hizi zinakula majani. Nikamwambia afadhali angesomea kitu kinacholiwa.

Akataka kujua kila chapa ilianza lini. Hapo ndipo alipopata kazi ya maisha, maana wazee wale hawakuandika miaka kwa tarakimu. Ukiwauliza, wanakujibu: mwaka wa nzige, mwaka jua lilipozimika mchana, mwaka ng'ombe walipokufa mpaka fisi wakakinai. Yoakimu alirudi nyumbani na miaka hiyo, akailinganisha na kalenda za zamani za misheni, na kumbukumbu za kupatwa kwa jua, na umri wa vikongwe wa kwetu. Siku aliyopata tarehe aliruka jikoni kwangu akicheka peke yake. Mimi nilikuwa na ugali unaungua.

Kazi yote hiyo aliiweka kwenye mlango. Aliuchonga mwenyewe kwa mbao za mninga, mzito, wa kuinuliwa na watu wawili. Wabarabaig hawaazimi chuma cha chapa. Chuma kinatembea na mwenyewe. Kwa hiyo kila mzee alikuja kwa miguu yake, akawasha moto uani pangu, akachoma chapa ya ukoo wake kwenye mbao kwa mkono wake. Chini ya kila chapa Yoakimu alichonga jina la mwaka wake, na pembezoni miezi yao, kwa mpangilio wa mvua na kiangazi. Ilichukua miaka. Nilipika uji wa wazee hao mpaka nikachoka, nao wakanizoea mpaka wakawa wananitania kwa ukali wangu.

Wa kwanza kuja alikuwa Gidabuday, mzee mrefu aliyekosa meno ya mbele na aliyecheka hivyo hivyo. Chapa yake ilikuwa mundu, na kamstari kafupi chini yake. Alipomaliza kuichoma mlangoni alimpa mume wangu mtamba, mweusi mwenye baka jeupe tumboni, mwenye mundu huo huo pajani. Tukamwita Baka. Nilimuuliza Gidabuday kama tutampiga chapa nyingine, kwa kuwa sasa ni wetu. Alinishangaa.

"Mama Mwalimu, wewe ulipoolewa ulibadilisha baba?" akaniuliza. "Chapa haisemi nani anakamua. Inasema alizaliwa wapi. Huyu hata akizaa, akifa, ni wa kwetu anayekaa kwako."

Ndivyo walivyokuwa. Ng'ombe wao walitawanyika kwa marafiki nchi nzima, kila mmoja na chapa ya alikotoka.

Kisha ngano ikaja. Matrekta ya shamba la serikali yalipindua tambarare, na njia za kale za kupeleka mifugo malishoni na kwenye maji zikawa chini ya ngano. Ng'ombe hajui ngano, anajua njia. Walioingia walipigwa risasi. Nilimwona mmoja kwa macho yangu, jike, amepigwa tumboni, akitembea huku matumbo yanaburutika kwenye mabua, na ndama wake anamfuata akitafuta kunyonya.  Mchungaji aliyekamatwa alichapwa viboko mpaka nguo ikashikana na nyama. Ila wachungaji walikuwa wepesi wa mbio, na ng'ombe aliyekufa hasemi. Walinzi wakauliza huyu ni wa nani, nchi nzima ikajibu hatujui.

Mpaka mtu fulani akamnong'oneza Basili kwamba kwa Mwalimu kuna mlango.

Waliusimamisha katika uwanja wa kambi yao, umeegemezwa ukutani, kama ubao wa shule. Ng'ombe akiuawa, wanamburuta mpaka pale, wanatazama paja, wanatazama mlango, wanapata ukoo, wanamfuata mzee wa ukoo huo kwake. Hhando, mmoja wa wazee wa uji wangu, alichapwa mbele ya wake zake. Mzee mwenzake, Qamara, alipigwa teke la ubavu, akakohoa damu mpaka kiangazi kikaisha. Yoakimu, mkono umefungwa vipande vya mti, alizunguka maboma yote akiomba radhi. Wengine walimpokea. Wengine walimtemea mate, na mimi siwalaumu.

"Umewapa macho," nilimwambia. Nilikuwa na hasira na kila mtu, na yeye ndiye aliyekuwa karibu.

"Najua, Hilaria," akasema. Hakujitetea hata kidogo, na hilo liliniudhi zaidi.

Asubuhi moja kamba ya Baka ilikutwa imekatika. Ndama wake alikuwa ameshaachishwa, kwa hiyo hakuna kilichomshika. Alikuwa ameshika njia ya kurudi alikozaliwa, kwa Gidabuday, njia ile ile aliyoletwa nayo. Katikati yake palikuwa ngano. Tulisikia risasi tukiwa bado tunamtafuta.

Tulipofika kambini jua lilikuwa limeshaegemea magharibi, na walinzi walikuwa wameshamchuna. Moto ulikuwa mkubwa, nyama yake iko juu ya vyuma, na ngozi imetandazwa chini ya mlango, mundu wa mlangoni juu na mundu wa ngozini chini. Gidabuday alikuwa amefungwa kwenye nguzo. Walikwenda kumchukua kwake, wakachukua na chuma chake cha chapa ili wahakikishe hawajakosea. Hawakukosea: chuma kililingana. Walikuwa wameanza kumchapa kitambo, maana mgongo wake haukuwa na mahali pazima, na jicho moja lilikuwa limefumba kwa damu. Alituona. Akatikisa kichwa polepole, kumkataza mume wangu.

Mzee yule angeweza kusema maneno mawili tu, kwamba ng'ombe ni wa Mwalimu, na wangemfungua. Hakusema. Alikuwa amempa rafiki yake ng'ombe. Hakuwa tayari kumpa na viboko.

"Basili," Yoakimu akasema, "huyo ng'ombe ni wangu. Mfungue mzee, nifunge mimi."

"Mwalimu, shikamoo." Basili alikuwa akitafuna. "Acha huruma. Tunajua ni rafiki yako."

"Ni wangu. Amelala zizini kwangu, mke wangu ndiye anayemkamua."

"Ni kweli," nikasema kwa sauti. "Maziwa yake yako nyumbani kwangu sasa hivi, kwenye kibuyu. Njoo unywe."

Basili akacheka, akanyoosha mfupa aliokuwa ameushika kuelekea mlango. "Mlango unasema ni wa Gidabuday. Nani aliuandika? Si wewe? Umesoma, umechunguza miaka yote hiyo, leo unataka kutuambia umeandika uongo?"

Akampa ishara mwenye kiboko. Kiboko kikashuka, Gidabuday akatoa sauti ambayo sikujua kwamba mtu mzima anayo. Kikashuka tena. Yoakimu alipiga kelele akieleza habari ya ng'ombe, alikozaliwa na anakokamuliwa, akaeleza kama alivyoeleza darasani, na hakuna aliyemsikiliza. Mimi nilimrukia yule mwenye kiboko, nikamng'ata bega mpaka nikaonja chumvi, wakanitupa chini. Nilipoinua kichwa niliona mume wangu yuko kwenye moto.

Alikuwa ameshika chuma cha Gidabuday kwa mkono wake mzima, amekizamisha kwenye makaa chini ya nyama ya Baka. Walinzi walidhani atawapiga nacho, wakainua bunduki. Yeye akachana shati kwa meno na mkono ule mbovu, vifungo vikaruka, akakivuta chuma kikiwa chekundu, akakigandamiza kifuani mwake.

Sitasema harufu. Aliyewahi kusimama zizini siku ya kupiga chapa anaijua. Hakukitoa upesi; alikishika mpaka akaanguka chini, ngozi ikaja na chuma.

"Sasa soma mlango," akamwambia Basili, meno yanagongana. "Uniambie mimi ni ng'ombe wa nani."

 Basili aligeuka pembeni akatapika, nyama ya Baka ikamtoka yote. Yule mwenye kiboko alikiweka chini mwenyewe. Hakuna aliyetoa amri. Mmoja wao tu alikwenda akaikata kamba, mzee akaanguka kifudifudi. Yoakimu alitambaa hadi kwenye mlango, akaushika kwa mkono mzima, akauangusha kwenye moto. Nilimsaidia kuusukuma. Mninga hauungui haraka. Chapa zile za koo zote zilikaa muda mrefu zikionekana ndani ya moto, kisha zikaanza kupasuka.

Tulimpakia Gidabuday kwenye mkokoteni wa maksai tuliouazima. Alifia njiani, kichwa chake mapajani mwangu, kabla hatujayaona mazizi yake. Mimi niliyemtania miaka yote kwa meno yake nilimfumba macho, nikalia kwa sauti kama ni baba yangu.

Kesho yake wakaja wanawe. Mbele alikuwa Gidahosh, mkubwa wao, aliyekuwa malishoni mbali wakati baba yake anachapwa. Walikuwa na mikuki, na nyumba yangu haikuwa na mlango wa kufunga. Yoakimu alitoka akasimama kizingitini, kifua wazi kwa sababu kidonda hakikuvumilia nguo. Nilimvuta, akaniondoa mkono.

"Baba amekufa kwa ajili ya mlango wako," Gidahosh akasema.

"Ndiyo."

"Na kwa ng'ombe wako."

"Ndiyo."

Gidahosh akaweka ncha ya mkuki kwenye kidonda. Niliona majimaji na damu vikichuruzika kwenye chuma. Mume wangu hakurudi nyuma. Kijana yule alikuwa analia bila kujificha. Kisha akainamisha kichwa upande, akatazama vizuri.

"Umeichoma kichwa chini," akasema.

Ilikuwa kweli. Yoakimu aliichoma akijitazama kutoka juu, kwa hiyo kwake ilisimama sawa, na kwa sisi tuliomtazama mundu ulikuwa umepinduka na kamstari kako juu.

"Wewe ndiye unayezijua, Mwalimu. Hii ni ya ukoo gani?"

Yoakimu alifikiri. Mungu wangu, alifikiri kweli, mkuki uko kifuani, akizipitia zote kichwani kama mtu anayetafuta funguo. "Haipo," akasema. "Hakuna ukoo wenye hii."

Gidahosh aliuondoa mkuki. Akapita kando ya mume wangu, akaenda zizini, akamtazama ndama wa Baka kwa muda. Kisha akaondoka na ndugu zake bila kuaga. Nilidhani atarudi usiku, na sikulala.

Alirudi mvua zilipoanza, na chuma. Aliwasha moto uani pangu pale pale alipowasha baba yake, akamwangusha ndama wa Baka, akampiga mundu pajani, kichwa chini.  Alikunywa uji wangu, akaomba mwingine.

Yoakimu hakuchunguza tena chapa yoyote. Alifundisha hesabu mpaka alipostaafu, tukarudi Dongobesh, akafa huko na kidonda kile kimekuwa kovu zuri, gumu. Gidahosh alikuja mazikoni na watu wake, akamweleza padre kwamba wamekuja kuzika wa kwao anayekaa kwetu. Padre hakuelewa. Mimi nilielewa, nikawapisha wakae karibu na jeneza.

Ukoo wa Baka, tuliomwachia Gidahosh, umeongezeka. Ukishuka tambarare leo utawaona, weusi wenye mabaka, mundu umepinduka. Majuzi alikuja msomi mmoja kutoka chuo kikuu, kijana mwenye adabu, akanikuta nyumbani. Alisema amezunguka kote, kila chapa ameipatia historia, isipokuwa moja. Alimuuliza Gidahosh ilianza lini, akajibiwa: mwaka wa mlango. Akawauliza wengine, wote wakajibu hivyo hivyo, mwaka wa mlango, kama vile wanavyosema mwaka wa nzige. Akaniuliza kama mimi naujua ni mwaka gani huo kwa kalenda.

 Miaka yote ile mtu wangu aliulizia chapa za wenzake zilianza lini, na leo inaulizwa ya kwake. Nikamwonyesha kijana mwimo wa nyumba yetu ya zamani niliokuja nao kutoka tambarare, wenye matobo ya bawaba za mlango ule ulioungua, nikaenda kumkorogea uji.