Mjane wa Boti ya Msaada

Wivu wangu kwa mke wa shemeji yangu ulianza shemeji akiwa hai, maana yule mwanamke alikuwa mzuri hata akianika dagaa wa usipa, na mume wangu hakuwa kipofu. Lakini wivu wenyewe hasa, ule wa kuninyima usingizi, ulianza alipofiwa.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Wafanyabiashara walikuwa wamepita vijijini kununua mahindi kwa bei waliyotaka, ushirika ukiwa hoi, na mvua ilipokata barabara ya ziwani, maghala yetu yalikuwa matupu. Ofisi moja ya serikali ikaleta mahindi ya msaada. Haikuwa na chombo, ikaazima boti ya idara nyingine, wakaijaza magunia kupita kiasi. Afisa akasimama ufukweni kuomba wanaume wenye nguvu, na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, akapanda. Boti ilipinduka kabla ya kufika Ngumbo. Mahindi yalizama, naye akazama.

Ikawa danadana. Wenye mahindi wakasema boti si yao. Wenye boti wakasema waliazimisha tu, aulizwe aliyeazima. Kwetu mtumbwi wa kuazima ukipasuka, aliyeazima ndiye anayejibu, na hilo hata mtoto analijua. Mjane akafungua kesi akisaidiwa na watu wa kanisani, nami nikampigia Mungu magoti ashinde. Msinione mwema. Kwa mila za ukoo wa mume wangu, mjane asiye na pa kujishikiza hurithiwa na ndugu wa marehemu, na ndugu alikuwa mmoja tu: mume wangu. Serikali ikilipa, angelea watoto wake kwake. Isipolipa, malipo yake yangekuwa mume wangu.

Tulikwenda mahakamani Mbinga kwa lori la samaki. Kule juu milimani baridi ilipotukamata, mume wangu alivua koti akamfunika mjane. Mimi nilikuwa na kitenge changu, nikajikunyata.

"Mdogo wangu," nilimwambia, "ukiulizwa, sema aliitwa na afisa. Na kweli aliitwa."

"Nimesikia, dada."

Hakimu akamuuliza ni nani aliyemtuma mume wake botini. Mjane akanyoosha mgongo.

"Hakutumwa, mheshimiwa. Kwetu watu wakiwa na njaa, mwanamume hangoji kutumwa. Alikwenda mwenyewe."

Kwetu ziwani, kusema marehemu alikwenda kusaidia kwa kutumwa ni kumvunjia heshima. Nilijua hivyo, na bado nilitamani kumziba mdomo kwa kiganja. Mawakili wa zile ofisi mbili, ambao siku zote walikuwa hawapeani hata salamu, waliitikia kwa vichwa pamoja. Ikaamuliwa kwamba aliyejitolea hakuwa mtumishi wa mtu yeyote, kwa hiyo hakuna ofisi ya kumjibia. Nikasema moyoni, amefanya kusudi. Ameiachia serikali ili anichukulie mume.

Ukoo ulikaa kikao kwetu Lundo. Baba mkwe alieleza mila, akamtaja mume wangu. Mume wangu aliinamisha kichwa kwa huzuni, lakini asubuhi ile alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati la Jumapili. Mjane akapiga goti.

"Baba, nashukuru. Ila mimi sitaki kurithiwa. Mume wangu sikumuuza kule Mbinga, na hapa simbadilishi. Nitarudi kwetu Kihagara."

Ningepaswa kuruka kwa furaha. Badala yake nilikasirika: mume wangu ana kasoro gani? Mjane aliondoka siku iliyofuata na watoto wake, mzigo kichwani, bila kugeuka nyuma.

Jioni nilipika ugali wa muhogo na samaki mbasa wa mchuzi, chakula anachokipenda mume wangu. Nikamletea maji ya kunawa. Alikuwa amekaa barazani akitazama njia ya Kihagara.

"Kula, baba."

"Sina njaa."

Yule mjane angehamia uani kwangu, ningegombana naye kila siku hadi achoke aondoke. Pale alipohamia, moyoni mwa mume wangu, sikuwa na njia ya kumfikia.