Koti la Dragoni na Birika la Chai

Msinicheke sana. Nauza mitumba hapa Garissa, na kwenye robota moja nilipata koti la kijani lenye kola nyekundu na vifungo vya shaba. Nikatafuta kwenye simu, nikaona limeigwa kutoka kwa dragoni, askari Wafaransa wa karne ya kumi na nane. Walisafiri kwa farasi, kisha wakashuka kupigana kwa miguu.

Nilimsimulia Hodan, jirani yangu sokoni anayeuza maziwa ya ngamia. Jumatatu angehamia Wajir, nami sikuwa nimemwambia lililo moyoni. Basi nikaenda harusi ya binamu yake nimevaa lile koti, angalau anikumbuke nalo.

Lakini harusini wanaume hukaa kwao, wanawake kwao. Nikasimama nikitazama pazia lililotutenga. Mama yake Hodan, ambaye hanijui, akatokea.

"Wewe wa hoteli, mbona umesimama? Chai imeisha kwetu, shika birika hili."

Wahudumu wa hoteli nao huvaa vifungo vinavyong'aa. Ningekataa, ila bila lile birika nisingepita pazia. Nikalibeba, wallahi.

Nikamimina meza baada ya meza mpaka kwa Hodan. Nilifungua mdomo nimwambie, nikasahau mkono, chai ikafurika kikombe chake.

Akatazama koti, akatazama birika.

"Warya, wewe, hao dragoni wako," akaniuliza polepole, "wakishuka kwenye farasi walikuwa wanamimina chai?"

Mama yake akaweka kikombe chini.

"Kwani huyu si wa hoteli?"