Tawi la Njia Panda ya Nne

Siku moja kabla ya kukimbia tulikuwa tunapiga maharage. Ilikuwa upande wa Burundi, kwenye kilima kinachotazamana na Mabamba. Ukungu wa asubuhi ukiondoka bondeni, tuliona mabati ya Tanzania yaking'aa ng'ambo ya Mto Malagarasi. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda kwa sababu ya goti lake bovu, fimbo yake ya kutembelea imelala miguuni. Dada yangu Yasinta alikuwa anapepeta. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, na kazi yangu ilikuwa kupiga maganda kwa mti mrefu. Niliifanya vizuri kuliko kijana yeyote wa kilima kile. Hata Mama alikuwa akisema hivyo.

"Elia, unapiga maharage au unapiga ardhi?" Yasinta aliniuliza.

"Napiga vyote. Wewe pepeta."

"Ukienda Mabamba na Baba uniletee sabuni ya kunukia. Si ile ya mwaka jana, ile ilikuwa ya kuogeshea mbwa."

"Twende ukachague mwenyewe."

"Njia ya chumvi ni yenu wanaume," akasema. "Mimi ng'ambo naijua kwa macho tu. Siku mkinipeleka nitapotelea kwenye kona ya kwanza."

Mama alicheka. Nami nikacheka.

Baba alikuwa mchukuzi wa chumvi, kama babu. Njia aliyoifuata ni ya zamani kuliko barabara zote za mkoa wa Kigoma. Inaanza Uvinza kwenye chumvi yenyewe, inapita Titye, inapanda Kasulu, inashuka upande wa Kibondo hadi Mabamba, inavuka mto na kuingia katika vilima vya Burundi. Nimeipima mwenyewe kwa miguu na kwa GPS, na ninaweza kusema bila woga kwamba hakuna mtu aliye hai anayeijua njia hiyo kunizidi. Nina stashahada ya upimaji ardhi, imetundikwa sebuleni kwangu Kasulu, kwenye nyumba ya vyumba vitano niliyoijenga kwa jasho langu. Nilitoka kambini nikiwa na kaptura moja. Nikasoma, nikapata uraia, nikafanya kazi Morogoro na Dar es Salaam, kisha nikarudi, kwa sababu mtu aliyefanikiwa anapaswa kuonekana na watu waliomjua akiwa hana kitu.

Wachukuzi wa chumvi walikuwa na desturi moja. Hawakutembea pamoja, maana mwenye mzigo mzito hubaki nyuma. Basi aliyetangulia, akifika njia panda, alikata tawi bichi akaliweka kukatiza ile njia isiyofaa, na kukandamiza shina lake kwa jiwe ili mbuzi au upepo visilisogeze. Maana yake: huku kumezibwa, pita kwingine. Mtoto wa kilima chetu alilijua tawi kabla ya kujua kusoma. Hata wanawake ambao hawakuwahi kubeba chumvi walilijua.

Kesho yake asubuhi, jua likiwa limeshatoka, tulisikia bunduki upande wa shule.

Moshi ukafuata. Kisha watu wakaanza kushuka, wengine na magodoro, wengine mikono mitupu. Mtu mmoja alikuwa amebeba mlango.

Baba hakupiga kelele. Alinivuta pembeni ya zizi akanipa panga lake.

"Chukua hawa majirani uwapeleke kivukoni," alisema. "Unaijua njia. Kila njia panda uweke tawi. Mimi nakuja na mama yako na Yasinta, polepole, kwa sababu ya goti."

"Tungoje twende wote."

"Tukienda wote kwa mwendo wa mama yako, tutakufa wote. Nenda, mwana wanje, mwanangu. Weka matawi."

Mama alikuwa anafunga kitenge kichwani. Alinitazama akasema nisisahau kuvaa sweta, mtoni kuna baridi. Nikavaa sweta.

Niliondoka na watu kumi na mmoja.

Njia panda ya kwanza niliweka tawi. Ya pili, juu ya mgongo wa kilima, niliweka. Ya tatu, karibu na kisima, niliweka na nikakanyaga jiwe mara mbili ili likae. Nakumbuka nilijiona mtu mzima.

Njia panda ya nne iko juu kidogo ya mto. Ya kulia inashuka kivukoni, mahali ambapo maji yanafika kiunoni. Ya kushoto ni ya wakata mafunjo. Inaonekana njema zaidi, pana, imekanyagwa, lakini inaingia kwenye kinamasi na kuishia humo. Chini ya mafunjo kuna maji yasiyo na mwisho.

Nilikuwa nimeshakata tawi niliposikia bunduki tena. Safari hii zilisikika karibu.

Nikafikiri.

Wale wenye bunduki ni vijana wa vilima hivi hivi. Wanalijua tawi kama mimi. Nikiziba kushoto, nawaonyesha kulia.

Nikaweka tawi kulia. Nikaziba njia ya kivuko.

Nilijisifu moyoni, sitasema uongo. Niliona nimewazidi akili watu wazima wenye silaha. Baba atalivuka tawi, nilijiambia, kwa sababu njia hii anaijua na macho yamefumbwa. Tukashuka kivukoni.

Nilivusha watu kumi na mmoja. Hakuna aliyelowa zaidi ya kiuno, isipokuwa mtoto mmoja aliyeangusha kiatu akakiinamia. Tulipanda ukingo wa Tanzania jua likiwa utosini. Mama mmoja wa Mabamba alikuwa analima jirani na mto. Alitusalimia "Mwakeye" kama kwamba tumekuja gulioni, kisha akaona nyuso zetu akaweka jembe chini, akaenda kutuletea viazi vitamu.

Mimi sikula. Nilikaa ukingoni nikitazama ng'ambo.

Watu walikuja mmoja mmoja, lakini kwa njia nyingine, ya juu zaidi. Kwenye kivuko chetu hakuja mtu. Jua likaanza kuinama ndipo akatokea Sabimana, jirani yetu, naye mchukuzi wa chumvi wa zamani. Alivuka peke yake, shati limejaa damu ambayo haikuwa yake.

"Baba yuko wapi?" nilimuuliza.

"Kaa kwanza, Elia."

"Nimekaa."

"Alibaki kwenye migomba chini ya shule. Alirudi kunisaidia kumbeba ndugu yangu. Akawaambia mama yako na dada yako watangulie, akasema matawi yako yatawaongoza." Alijifuta uso. "Risasi ilimpata shingoni. Hakusema kitu."

"Na Mama?"

"Hawajafika?"

Sabimana aligeuka akatazama ng'ambo, kisha akaongea taratibu, kama mtu anayehesabu hatua.

"Njia panda ya nne nilikuta tawi limeziba njia ya kivuko. Nikasema aliyeliweka ni mgeni, au ni mwehu. Nikalivuka, mimi njia naijua. Lakini nyayo ziliendelea kushoto."

"Nyayo za nani?"

"Za wanawake wawili. Mmoja alikuwa na fimbo. Tundu, hatua, tundu, hatua."

Hakujua kwamba ni mimi niliyeliweka lile tawi. Sikumwambia.

Nilirudi majini. Sabimana na wanaume wawili walinikamata nikiwa katikati ya mto, wakanirudisha. Ng'ambo kulikuwa bado kunasikika milio. Sikupigana nao. Hilo nalo nalikumbuka, kwamba sikupigana nao.

Nilikaa kivukoni siku tatu. Siku ya tatu wakata mafunjo wa upande wa Mabamba waliingia na mtumbwi wao mdogo kutokea chini, wakarudi na kitenge kilichonasa kwenye mabua. Kilikuwa cha Yasinta, cha rangi ya maji ya bahari, ambacho hakijawahi kuiona bahari. Nilikipokea, nikakikamua, nikakianika juu ya kichaka. Kilipokauka nikakikunja. Sikulia. Watu walidhani mimi ni jasiri, na kwa miaka mingi nami nilidhani hivyo hivyo.

Kambini niliitwa Kijana wa Kivuko. Watu kumi na mmoja wana ndimi kumi na moja. Habari zangu zilifika hadi kwa watu wa kugawa chakula, na nadhani ndizo zilizonipatia nafasi ya shule. Nimeisimulia hadithi ya kivuko kwenye harusi, kwenye mahafali, hata siku ya kuapa uraia. Nimesimulia tawi la kwanza, la pili na la tatu. Nikifika hapo huwa naruka, naingia moja kwa moja mtoni. Msikilizaji haoni pengo, kwa sababu mimi ni msimuliaji mzuri.

Miaka baadaye, mtu aliyekuwa upande ule mwingine wakati wa vita alikuja kununua mbegu kwenye duka langu dogo la Kasulu, tukaongea. Sikumwambia mimi ni nani. Nilimuuliza kama siku ile walifuata watu hadi mtoni, maana milio ya bunduki ilisikika karibu.

"Mtoni?" alisema. "Sisi hatukupita hata njia panda ya pili. Tulichoma nyumba tukarudi. Milio unayosema ilikuwa mwangwi wa bonde."

Nilimpimia mbegu zake akaenda.

Sasa niseme habari ya mwaka huu. Kasulu kuna mkufunzi wa ualimu anaitwa Mwalimu Mwanahawa, mtu wa Tanga, mcheshi, anayeamini kwamba kutembea kunaponya kila kitu. Ameanzisha kundi la kutembea Jumamosi: walimu, daktari mmoja, karani wa mahakama, wafanyabiashara wawili. Waliposikia kwamba mimi ndiye niliyeichora njia ya chumvi, walinijia nyumbani. Niliwaonyesha ramani. Niliwaonyesha na stashahada. Kila njia panda ya upande wa Tanzania nimesimika nguzo fupi ya zege, kama bikoni za mipaka ya viwanja, yenye mshale mweupe. Hakuna mkoa mwingine wenye njia ya miguu iliyopimwa namna ile, nami sioni haya kulisema.

Juma lililopita tulitembea kipande cha mwisho, cha kushukia Mabamba. Mahali pa juu, kabla ya mteremko, unaona mto, na ng'ambo yake unaona vijia viwili vinavyoachana kama miguu ya suruali.

"Injinia," Mwalimu Mwanahawa aliniita. Nimemwambia mara nyingi kwamba mimi ni mpima ardhi, naye hasikii. "Zile njia mbili kule, ipi inafika kivukoni?"

"Ukiwa unatoka kule, ya kulia."

"Na ya kushoto?"

"Inaishia kwenye mafunjo."

"Kule hujaweka nguzo?"

"Kule ni nchi nyingine. Vipimo vyangu vinaishia mtoni."

Ni kweli vinaishia mtoni. Ninayo nukta ya njia panda ile, nimeitoa kwenye picha ya setilaiti. Siku hizi watu huvuka kwa amani siku ya gulio, wanarudi jioni na mafuta na sabuni. Ingenichukua saa moja. Sijawahi kwenda.

Tuliendelea kushuka. Kwenye njia panda ya chini, ile ya mwisho kabla ya kijiji, tulikuta nguzo yangu imelala. Ng'ombe walikuwa wameisukuma, na mshale unatazama angani. Karani na daktari walikuwa mbali nyuma yetu, daktari viatu vinambana. Mwalimu Mwanahawa alivunja tawi bichi, akaliweka kukatiza njia isiyofaa, akakandamiza shina kwa jiwe.

"Nani kakufundisha hilo?" nilimuuliza.

"Wanafunzi wangu wa huku. Wanasema ni nguzo isiyohitaji stashahada." Wenzake walicheka. "Tangulia basi, tukanywe chai. Tawi litawaelekeza."

"Nyie tangulieni," nikasema. "Mimi nitawangoja."

"Si tumeweka tawi?"

"Nimeliona. Liko sawasawa."

Wakaenda. Nilikaa juu ya nguzo yangu iliyoanguka. Nimewahi kujiuliza kama nilipaswa kuziba kushoto au kulia, na kwa miaka mingi nililipima jambo hilo kama ninavyopima kiwanja, nikitafuta kosa liko kwenye kona ipi. Siku ile nikiwa nimekaa pale niliona kwamba sikuwa nimelipima lote. Nilikuwa na watu kumi na mmoja, na nusu yao walikuwa watu wazima wenye macho, na kivuko kilikuwa kinaonekana kwa chini. Ningewaonyesha kwa kidole wakashuka wenyewe. Mimi ningekaa njia panda.

Karani alitokea kwanza, kisha daktari, anachechemea, ameshika kijiti.

"Bado upo?" daktari alisema. "Ulidhani tutapotea?"

"Hapana."

"Sasa unangoja nini?"

Nilinyoosha kidole kuonyesha njia iliyo sahihi, ingawa tawi lilikuwa pale na wote wawili walikuwa wameliona. Wakapita. Nyuma yao, kwenye vumbi, kijiti cha daktari kilikuwa kimeacha matundu: tundu, hatua, tundu, hatua. Niliyatazama mpaka yalipoishia, kisha, kwa kuwa nyuma hakukubaki mtu, nikaliondoa tawi njiani, nikawafuata.