Mgongo wa Mama Mkwe

Miaka yote niliyokaa Kibera, Kawangware niliingia kwa kuzunguka. Mtu wa kawaida akitoka kwetu Kianda, humohumo Kibera, anapanda hadi Ngong Road, anapita Dagoretti Corner, na mwishowe anajikuta mbele ya soko la Kawangware, barabara ya lami chini ya viatu vyake. Mimi nikikaribia soko nilikata kona, nikapita nyuma ya vyoo penye tope lisilokauka hata kiangazi, nikatokea upande wa pili kama mwizi wa kuku. Pale mbele, mlangoni kabisa mwa soko, mama mkwe wangu aliuza ndizi.

Hatukuwa na ugomvi. Kwetu Magharibi mwa Kenya, mwanamume hamsalimii kwa mkono mama aliyemzaa mke wake, hali naye, hakai naye chumba kimoja, wala halitaji jina lake hata abanwe na koleo. Watu wa mjini hucheka wakisikia, nami huwajibu kwamba heshima si utumwa. Yeye pia akihisi naja alijifunika leso na kunipa mgongo. Nilikuwa hata na kikohozi changu maalum cha kumwonya. Basi mama huyu nilimjua kwa mgongo tu, na mgongo wenyewe niliuona kwa mbali.

Kazi iliyonipeleka Kawangware kila mara, kufuata bati, ilikuwa kutengeneza masanduku ya bati, yale wanafunzi wa bweni hubebea nguo na sukari ya kuibiwa na wenzao. Mke wangu alikuwa muuguzi. Alisoma kunishinda na hakunikumbusha hilo hata siku moja, ila tukigombana. Mwanzoni mwa miaka ya tisini alipata kazi ya kutunza wazee ng'ambo. Nchi yenyewe sitaitaja, maana haikunikosea kitu isipokuwa baridi. Tulikubaliana atangulie, kisha aniombee viza nimfuate.

Sasa, Kianda walikuwa wamezoea mume kwenda na mke kubaki. Walipoona mke ameenda na mume amebaki akigonga bati, walinihurumia, na hakuna kitu ninachochukia kama kuhurumiwa. Jirani yangu, mama Mjaluo aliyekaanga samaki mbele ya kibanda changu, ndiye peke yake aliyenicheka waziwazi, na kwa hilo nilimpenda.

"Fundi, niaje?" alikuwa akiniuliza kila asubuhi. "Bibi bado ni wako ama tumpatie mzungu?"

"Ni wangu," nilimjibu. "Wewe geuza samaki, inaungua."

Lakini usiku nilijiuliza swali hilohilo. Mwaka ulikwisha, wa pili ukaingia. Mke wangu alinipigia simu Jumapili kwenye ofisi ya kanisa letu, na kila Jumapili sauti yake ilizidi kuwa kama ya mtu anayezungumza na mgeni. Nilimkumbuka vibaya. Nilitamani hata zile kelele zake juu ya chumvi.

Ombi lilipofika kwenye ubalozi wa nchi ile hapa Nairobi, niliitwa kuhojiwa. Nilivaa suti ya arusi. Afisa alikuwa mzungu mrefu asiye na haraka, na kando yake alikaa mkalimani, msichana Mkenya aliyezaliwa na kulelewa mjini. Maswali ya kwanza niliyamaliza kwa raha. Tulikutana wapi, tulioana wapi, mke wangu anapenda chakula gani. Kisha afisa akatandaza picha za arusi yetu ya kiserikali kwa DC, akaweka kidole juu ya mwanamke mmoja aliyesimama pembeni.

"Anauliza huyu ni nani," mkalimani akasema.

"Mama mkwe wangu."

"Mbona ameipa kamera mgongo?"

"Hakuipa kamera. Alinipa mimi."

Afisa akaandika kitu. Akauliza mama mkwe wangu anaitwa nani. Nikasema siwezi kusema. Akauliza kama simjui. Nikasema namjua sana. Akauliza ana sura gani. Nikasema sijawahi kumwona uso. Hata mimi nilipojisikiliza nilijua nimeharibu, lakini ulimi ulikataa kwenda njia nyingine.

Mkalimani akainama kunikaribia. "Mzee, si useme tu? Mwenyewe hayuko hapa."

"Na Mungu hayuko?" nikamjibu, kwa sauti iliyofika hadi mlangoni. Mimi nikikasirika sinaga sauti ndogo. "Mwambie huyo bwana, hata akininyima viza yake, jina la huyo mama halitatoka mdomoni mwangu!"

Sijui alitafsiri vipi. Afisa alikusanya picha polepole, akaeleza kwamba wako watu wanaonunua ndoa ili wapate kusafiri, na mtu asiyemjua mama wa mke wake humpa mashaka. Angenipa nafasi moja zaidi. Nirudi mwezi ujao na mtu wa familia ya mke wangu atakayethibitisha kuwa mimi ni mume. Nikikosa mtu, ombi litakufa.

Jumapili nilimweleza mke wangu kwenye simu. Alikasirika.

"Si ungetaja tu! Mambo ya huko nyumbani na mambo ya huku ni tofauti!"

"Haya. Wewe nitajie jina la baba yangu."

Naye hawezi kulitaja, maana mwiko wa mke kwa baba mkwe wake ni uleule. Kisha nikamsikia akicheka, kicheko chake cha zamani kabisa, halafu kicheko kikageuka kilio. Alisema amechoka kurudi jioni kwenye chumba kisicho na mtu. Nami nikamwambia nimechoka pia. Tulikuwa hatujaambiana hivyo tangu aondoke.

Baba mkwe alikuwa amefariki, na shemeji zangu wote walikuwa mashambani. Nikamtuma yule mama wa samaki Kawangware akamwombe mama mkwe amwite mmojawapo wa wanawe. Jirani alikubali, maana kwao pia wanamheshimu mama wa msichana, ingawa alisema sisi tumezidi. Alirudi jioni akishika kiuno.

"Fundi, huyo mathee amewaka! Amesema hivi: ni nani huyo anasema mtoto wangu hana bwana? Hakuna cha kuita mtu kutoka shags. Ataenda mwenyewe."

"Haiwezekani!"

"Mwambie wewe basi," akasema, akijua vizuri kwamba siwezi kumwambia.

Siku ilipofika, jirani aliacha karai lake la samaki akatusindikiza, kwa sababu tulihitaji mtu wa kutembea katikati. Mama mkwe mbele, jirani nyuma yake, mimi nyuma kabisa nikikohoa kama mgonjwa wa kifua. Pale ubalozini mama aliketi mwisho wa benchi moja akitazama dirisha, mimi mwisho wa benchi lingine nikitazama mlango. Jirani alikaa katikati akijiziba mdomo kwa kanga asicheke.

Tukaitwa wawili. Chumba kilikuwa kidogo, meza moja, viti viwili vimewekwa bega kwa bega. Niliona giza. Mama aliingia, akavuta leso hadi kwenye kidevu, akageukia dirisha. Mimi nikageukia ukuta, palipotundikwa picha ya mlima wenye theluji, nikaukodolea macho mlima huo kana kwamba ndio ulionihoji. Afisa akatuomba tukae. Hakuna aliyekaa.

"Mama, unamjua huyu mtu?" mkalimani akauliza.

"Namjua. Ni bwana ya mtoto wangu."

"Anasema umwangalie uso uhakikishe ni yeye."

"Nimwangalie?" Sauti ya mama ilipanda. Sikuwahi kuisikia kwa karibu hivyo, na niligundua alikuwa na hasira inayofanana na yangu. "Muulize, yeye anaweza kuvua nguo mbele ya mama ya bibi yake?"

Mkalimani alikohoa kwanza kabla ya kulitafsiri hilo. Afisa aliweka kalamu chini. Aliuliza, sasa kwa upole, mtu anaweza vipi kumjua mtu ambaye hajawahi kumtazama.

"Sikiliza," mama akasema, bado akiambia dirisha. "Mimi nauza ndizi kwa mlango ya soko. Mbele yangu kuna lami nzuri. Huyu akija Kawangware, anapita nyuma ya choo, kwa matope. Anafikiria sijui. Watu wa soko wananiambia kila mara, mama, mkwe wako amepita huko tena, viatu imejaa matope. Mvua ikinyesha, anapita. Jua ikiwaka, anapita. Hata mtoto wangu akiwa ameenda ng'ambo, na hayuko hapa kumwona, bado anapita. Sasa wewe niambie. Mtu wa kununua ndoa anaweza kukanyaga choo miaka hiyo yote?"

Mlima ulianza kutetemeka mbele ya macho yangu. Kumbe alijua! Nilikuwa nimedhani tope lile ni siri yangu. Nilitaka kugeuka nimshukuru, na hicho ndicho kitu kimoja nisichoweza kufanya, basi nikashukuru theluji.

Afisa alifunua karatasi zake, akamsomea mkalimani ukurasa mmoja. Kisha mkalimani akatuambia kwamba mke wangu naye aliulizwa kule ng'ambo kama mama yake na mumewe wanapatana. Alijibu kuwa wanapatana sana, hata hawajawahi kushikana mikono. Afisa alidhani ni kosa la kuandika. Sasa, alisema, amewahoji wanandoa wengi waliokuja wameshikana mikono, na hakuna waliomridhisha kama sisi wawili tuliopeana mgongo. Jina hataliuliza tena. Viza nimepata.

Mama wa samaki alipiga vigelegele palepale mlangoni, askari wa lango akaruka. Nilipofika Kianda habari zilikuwa zimenitangulia. Wale walionihurumia walikuja kunishika mkono mmoja mmoja, nami niliwapa mkono kwa madaha, sioni aibu kusema. Siku hiyo watu walikula samaki bila kuulizwa pesa, na mimi niligonga bati kwa furaha tu, bila sanduku lolote la kutengeneza.

Kwetu mwiko ule huondolewa, wakubwa wakikubali, na mama ndiye aliyetuma neno: kabla sijapanda ndege, niende. Safari hiyo sikuzunguka. Nilipita mbele ya soko, juu ya lami, viatu viking'aa, na wauza mboga wakanishangilia kama mgombea. Nilimpelekea blanketi zito, naye akanipa kuku jike, kama inavyotakiwa. Tukasimama katikati ya chumba chake, mimi nikitazama vidole vya miguu yangu.

"Haya, baba," akasema. "Sasa niangalie. Niangalie vizuri, ndio ukifika uambie mtoto wangu nimekuwa aje."

Nikainua macho. Nilimtazama bila haraka, naye akaniachia nimtazame, hadi chai aliyonipikia ikapoa.

Kule ng'ambo mke wangu alinipokea uwanjani akiwa na koti la ziada mkononi. Alinikumbatia, akanivalisha, akashika upande mmoja wa sanduku langu la bati. Tulipofika mlangoni aliuliza swali alilokuwa akiniuliza kila Jumapili kwenye simu, ambalo sikuwahi kuwa na jibu lake.

"Mama yuko aje?"

"Nywele za mbele zimekuwa nyeupe," nikamwambia. "Ana kovu dogo juu ya jicho. Na akicheka anafunga jicho moja, kama wewe."

Akaliweka sanduku chini.

"Umemwona?"

"Nimemwona."