Vidole Viwili Chini ya Futi

Fundi aliyefundishwa vizuri hupima kifua cha mteja akiwa ameingiza vidole viwili kati ya futi na mwili. Masista walionifundisha kushona walisimama nyuma yangu mpaka vidole hivyo vikawa vinaingia vyenyewe. Sababu yake ni rahisi, na kama wewe ndiyo kwanza unajifunza, ishike mapema: nguo iliyopimwa kwa kubana humkaba mtu akiinama kuchukua ndoo. Mwili unapumua, unakula, unabeba mtoto mgongoni. Vidole viwili ni nafasi ya mambo hayo yote.

Nilishona miaka mingi Sumbawanga mjini, kwenye kibaraza cha duka la chumvi na sabuni. Kisha serikali ikafungua milango ya biashara ya nje, na marobota ya mitumba yakaanza kuteremshwa sokoni. Mteja aliyekuwa akiniletea kitambaa cha gauni la Krismasi sasa aliniletea gauni zima lililoshonwa na mtu nisiyemjua, akitaka nipunguze pindo tu. Kuna siku nilikanyaga pedali ya cherehani bila uzi, miguu ikijitafutia kazi. Nilikuwa nasimama, nakaa, nafagia mahali nilipokwisha kufagia.

Ndipo akaja bwana mmoja aliyeacha kazi serikalini akafungua kambi ya wageni kando ya Ziwa Tanganyika. Alitafuta fundi wa kushona mahema na mito ya viti. Watoto nikawaacha Izia kwa mama yangu, nikapanda lori na cherehani yangu, tukateremka kutoka kwenye baridi ya Ufipa hadi kwenye joto ambalo lilinifanya nivue sweta kabla hatujafika nusu ya mteremko.

Wageni wa kambi ile walivua samaki kwa fimbo za ndoano, kisha wakamrudisha majini. Watu wa ufukweni waliliona jambo hilo kama kupika ugali na kuumwaga. Mimi pia nilicheka, mpaka nahodha wa boti aliponieleza: sangara mkubwa akirudi ziwani leo, kesho mgeni mwingine atapanda gari kumfuata. Kambi nzima iliishi kwa samaki wanaorudi.

Tatizo lilikuwa uzito. Mgeni hakutaka kumla samaki wake, alitaka kujua kilo zake. Mwanzoni walimtundika kwenye mizani ya ndoano, ndoano ikipita kwenye taya. Sangara mzito aliyezoea kubebwa na maji, ukimning'iniza hivyo, uzito wake mwenyewe unamvuta na kumchana ndani. Walimpima, wakamwachia, na baada ya muda akaibuka tumbo juu. Bosi alichoka kuwaona samaki wake wakielea mbele ya wageni, akaleta njia ya kukadiria iliyoandikwa kwenye karatasi. Unapima urefu kwa inchi. Unapima mzunguko mahali samaki aliponenepa zaidi. Unazidisha urefu kwa mzunguko, unazidisha tena kwa mzunguko uleule, unagawa kwa mia nane, unapata ratili. Kalkuleta ya bosi ikazigeuza kuwa kilo.

Pale kambini mwenye futi ya inchi nilikuwa mimi peke yangu. Basi nikawa napanda boti.

Sijawahi kupenda kazi nyingine kama nilivyoipenda ile. Nahodha alimshika samaki ubavuni mwa boti, ndani ya maji, mimi nikainama, nikapitisha futi chini ya tumbo lake, nikasoma. Kufumba na kufumbua tumemaliza, mkia unapiga, ameondoka. Kilo ziliandikwa kwa chaki kwenye ubao wa ukumbi wa chakula.

Nahodha alioa Mfipa mwenzangu wa Kasense, kwa hiyo aliniita shemeji na kunitania bila huruma. Alikuwa amebeba samaki wa nyavu tangu utotoni, na kila mara alikadiria uzito kwa mkono na kuutaja kabla sijafungua mdomo. Kila mara wake ulikuwa mdogo kuliko wangu.

"Shemeji, samaki wako wote wametoka harusini," alisema.

"Mkono wako umezeeka. Mimi nina hesabu."

"Nyie wa kula ulezi mmemjulia wapi sangara? Kwenye sahani!"

Bosi alizipenda hesabu zangu. Wageni walipiga picha mbele ya ubao. Akaamua chaki haitoshi: alimwita mchoraji wa mabango kutoka Sumbawanga, aje Jumamosi aandike samaki kumi wakubwa, pamoja na kilo zao, kwa rangi ya mafuta.

Jumatano asubuhi mgeni mmoja akavuta sangara aliyekuwa amemeza ndoano mpaka kwenye mashavu. Nilimpima kama kawaida: urefu inchi arobaini, mzunguko ishirini na nane. Karibu kilo kumi na nane. Lakini alikuwa anavuja damu, na tulipomwachia hakwenda popote. Nahodha akamwopoa, tukampeleka jikoni.

Mpishi akamtundika kwenye mizani ileile ya zamani. Kilo kumi na tano na nusu.

"Mizani yako mbovu," nikamwambia.

Mpishi akaning'iniza mfuko wa unga wa kilo kumi ambao ulikuwa haujafunguliwa. Sindano ikasimama kwenye kumi. Nahodha alianza kucheka, kisha akaona uso wangu akaacha.

"Mpime tena, shemeji. Taratibu. Huyu hakimbii."

Nilimlaza samaki juu ya meza, nikapitisha futi. Ishirini na nane.

"Na hivyo vidole vinafanya nini huko ndani?" akauliza.

Nikatazama. Vidole vyangu viwili, vinene kwa jembe, vilikuwa vimesimama kati ya futi na tumbo la samaki, vikimwachia nafasi ya kupumua ndani ya gauni lake. Nikavitoa, nikavuta futi. Ishirini na sita.

Hapo wote wawili walicheka mpaka mpishi akashika meza. Nilikuwa nazidisha kichwani. Mzunguko unaingia kwenye hesabu mara mbili, kwa hiyo kosa lake nalo linaingia mara mbili. Kila samaki pale ubaoni alikuwa amevaa vidole vyangu, na samaki wenyewe walikuwa chini ya ziwa, hakuna wa kuitwa arudi apimwe upya. Jumamosi uongo wangu ungepakwa rangi ya mafuta.

Nahodha aliniambia ninyamaze. "Nani atajua? Ukisema, bosi atarudisha ndoano, samaki watakufa, na wewe utarudi kupunguza mapindo."

Alikuwa sahihi kwa yote matatu, na ndiyo maana sikutulia. Alhamisi nilishona foronya moja nikaifumua, nikaishona, nikaifumua tena. Nilitembea mpaka kwenye miamba na kurudi, jua kali, bila shughuli. Kila nilipopita ukumbini chaki ile ilinitazama. Fundi anaweza kukosea gauni, mteja akalirudisha. Hawa wateja wangu hawakuwa na njia ya kulirudisha.

Katika kwenda na kurudi huko nikakanyaga hema lililochanika, turubai zito la kijani nililopaswa kulitia viraka. Nikasimama juu yake. Kinachomwua samaki siyo mizani, ni kutundikwa kwa taya. Mtoto mchanga kliniki hutundikwa kwenye mizani kila mwezi, lakini akiwa ndani ya mfuko, umembeba mwili mzima.

Nilikata siku hiyohiyo. Machela ndefu kidogo kuliko sangara, mishono miwili kila upande, mifuko ya kupitishia fito, matundu chini ya kutolea maji.

Ijumaa asubuhi nikamfuata bosi mezani kwake, machela begani.

"Shikamoo, bosi. Kilo za ubaoni siyo za kweli. Nimezikosea mimi."

Nilimweleza kila kitu, mpaka vidole nikamwonyesha. Alisukuma kikombe cha chai.

"Mama, unajua wageni wangapi wamepiga picha na ule ubao?"

"Najua."

"Basi tunarudi kwenye ndoano. Angalau ndoano haidanganyi."

"Ndoano haidanganyi, lakini inaua. Nipe samaki mmoja tu, bosi. Akielea tumbo juu, nitaondoka na lori litakalomleta mchoraji."

Alikubali kwa hasira, akapanda boti yeye mwenyewe. Tulikaa majini mpaka mchana ndipo mgeni akavuta sangara wa kiasi. Tulilowesha machela kwanza, tukaipitisha chini yake ndani ya maji, tukainua fito na kuzitundika kwenye mizani. Samaki alilala kimya humo. Bosi akasoma: kilo kumi na moja na robo. Tukamshusha, akatoka mwenyewe kwa mkia. Kisha nikatundika machela tupu, ikiwa bado imelowa, maana turubai lililokunywa maji lina uzito wake na usipoutoa unakosea upya. Kilo moja na robo.

"Kumi," nikasema.

"Kumi," nahodha akasema papo hapo, akiwa ameunyoosha mkono wake uliozeeka.

Tuliyakodolea macho yale maji. Bosi aligeuza boti taratibu, akazunguka mahali pale mara mbili, mimi nikiwa nimeshikilia ukingo, nikitafuta tumbo jeupe. Halikuibuka.

Mchoraji alikuja Jumamosi na makopo yake. Bosi alinipa kitambaa chenye maji, nikafuta ubao wote mbele ya wageni waliokuwa wanakunywa chai. Wawili walinuna, mmoja akaniuliza kama ni lazima. Mchoraji akaandika kichwa cha habari kwa rangi ya mafuta, nyekundu, na chini yake mistari. Safu ya kilo bosi akamwamuru aiache wazi. Nikachukua chaki, nikaandika: kumi.

Ulionekana mtupu sana, ule ubao. Nahodha alikuwa ukumbini akinisubiri na fito begani.

"Twende, shemeji. Na vidole vyako viache hapa."