Fungu la Karatasi Nililoingia Nalo Komini

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja nilipoingia kwa mara ya kwanza katika ofisi ya komini, yaani serikali ya mtaa, ya Tshopo. Zamani za wazungu baba yangu, seremala, alikwenda pale kulipa kodi, nami nikimngoja nje ya uzio. Uhuru ulipokuja bendera ilibadilika, lakini mimi sikuwa na haja ya kuingia. Haja ilikuja baada ya jeshi kuwafukuza waasi mjini. Mama yangu alikuwa amekimbilia upande wa Banalia, na mtu aliyetoka huko alituambia miguu yake imevimba, hatembei tena. Ili kumfuata nilihitaji ruhusa ya njia yenye muhuri. Bila hiyo, askari wa kizuizi cha darajani hawakupitisha mtu.

Nilijifunza kusoma peke yangu, kwa karatasi zilizofika nyumbani: stakabadhi za kodi, matangazo, maandishi ya magunia. Kwa hiyo sikutupa hata moja. Nilizipanga kwa tarehe na kuzifunga kwa uzi wa kupimia mbao. Asubuhi ile nililichukua fungu zima, kitambulisho changu kikiwa ndani, bila kulifungua. Mpangilio ulikuwa wangu, nami niliuamini.

Foleni ilianzia uani, ikaingia ukumbini. Watu kama kumi mbele yangu, askari walimpekua mwanamume mmoja, wakamkuta na ruhusa iliyotolewa wakati wa waasi. Walimpeleka nyuma ya jengo. Hatukumwona akirudi.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Mimi pia nilikuwa na ruhusa kama ile. Mkubwa wa avenue yetu, barabara tunayokaa, alitugawia zilipotoka komini, na yangu niliitumia kuvuka mto kutafuta mbao. Ilikuwa ndani ya fungu, ya pili kutoka juu, mahali pake kwa tarehe.

Nikaanza kuvuta fundo kwa kucha. Halikulegea. Nikageuka kuutazama mlango, nikageuka tena.

“Mutoto, unageuka-geuka kama samaki ndani ya kitunga,” alisema mama mmoja nyuma yangu, muuza samaki wa Isangi.

“Nataka kutoka kidogo, mama.”

“Utoke? Angalia ule soldat. Mwenye kutoka anamuuliza anakimbia nini. Kama ni kukojoa, bon, ukaze!”

Watu wakacheka. Askari wa mlangoni akatutazama. Nikasimama wima, fungu nimelibana kwapani, na jasho likalowesha karatasi ya juu.

Zamu yangu ikafika. Karani alikuwa mzee mwembamba, mkono wa miwani yake umefungwa kwa uzi. Askari wa pili aliegemea dirisha, hatua mbili kutoka mezani.

“Unaenda wapi?”

“Banalia, papa. Mama yangu iko mugonjwa.”

“Kitambulisho.”

Nilijaribu kukichomoa pembeni. Fundo lilikataa. Karani alinipokonya fungu, akakata uzi kwa wembe, akafunua karatasi ya kwanza, kisha ya pili. Vidole vyake vikasimama.

Hakunitazama usoni. Alikuwa akitazama chini ya karatasi, penye sahihi. Nami nikatazama fomu aliyokuwa ameanza kuijaza, kwa sababu sikuthubutu kutazama kitu kingine. Herufi zililala upande wa kushoto, na kila saba ilikatwa kwa mistari miwili. Kwenye ruhusa ya waasi, herufi zililala vilevile, na saba ilikatwa mara mbili. Mwandiko ulikuwa wa mkono mmoja. Kilichobadilika ni muhuri.

“Karani, kuko problème?” askari aliuliza.

“Hapana, chef. Huyu ameleta mpaka karatasi za babu yake. Anafikiri tunafungia karanga hapa.”

Askari alicheka. Karani alikuwa tayari ameitelezesha ile ruhusa ya waasi chini ya karatasi ya kukaushia wino na kuweka kiwiko juu yake. Hakukiondoa kiwiko hicho tena. Aliandika ruhusa yangu kwa mkono mmoja tu, ule mwingine ukiwa umebanwa hivyo, vibaya, na tone la wino likaanguka karibu na jina la Banalia.

Akapiga muhuri, akanirudishia fungu. “Enda,” alisema. Kisha, kwa sauti ya chini zaidi: “Na karatasi zako, kijana, uchague.”

Mchana uleule nilivuka kizuizi. Mama nilimpata hai, nikamrudisha mjini kwa kiti cha mbao nilichokifunga nyuma ya baiskeli, akilalamika njia nzima kwamba nimekiweka upande.

Miezi michache baadaye mdogo wangu alipewa fomu pale komini. Niliichukua mkononi mwake kabla hajakaa. Herufi zilisimama wima. Saba haikukatwa hata mara moja. Niliuliza kwa majirani. Mmoja alisema karani amehamishwa, mwingine alisema amechukuliwa. Kwenda ofisini kuuliza sikuthubutu.

Ruhusa ya Banalia ninayo hadi leo, na tone lake la wino. Ndani ya fungu, mahali pa ile ya wakati wa waasi iliyobaki mezani kwa karani, nimeweka karatasi tupu, ili tarehe zisisogee.